Maswali Yenu: Wazee wa Sanaa Wametufungia Mlango, Tufanyeje?

Toleo lililopita tuliweka picha za matatu za Kisumu ukurasa wa kati na sijui ni nini tuliamsha, barua za wachoraji zimekuja mpaka za mapenzi na mashamba zimekosa nafasi. Nimechagua nne. Zingine nimezipunguza kidogo, msinikasirikie.

Tumekataliwa, tunataka chama chetu

*Mwandishi habari. Mimi ni kijana wa Kondele, Kisumu, nachora matatu, mabango ya maduka na kuta za saluni, usiku ndio nachora kanvasi zangu mwenyewe. Kuna chama cha wasanii huku kwetu kinafanya maonyesho kila mwaka. Nilipeleka kazi wakakataa, nikapeleka tena wakakataa, na mzee mmoja wa kamati akaniambia mbele ya watu ati hiyo ni kazi ya gereji, nirudi nikiwa na picha ya ziwa ama akina mama wamebeba mitungi. Sasa tuko vijana sita tumekataliwa hivyohivyo na tunataka kuanzisha chama chetu. Mwalimu mmoja alituambia kuna watu walishafanya hivi Ulaya na India. Ni ukweli? Na walifaulu ama waliishia kugombana? – Aliyekataliwa, Kondele*

Ndugu yangu, pole. Mwalimu wenu hakuwadanganya, na kwa hilo swali la mwisho jibu ni yote mawili, walifaulu na wakagombana, saa zingine mwaka huohuo.

Tuanze na Paris kwa sababu hapo ndio hii hadithi imeandikwa vizuri zaidi. Miaka ya 1860 kulikuwa na maonyesho makubwa ya serikali yanaitwa Salon, na waamuzi wake wengi walikuwa watu wa Akademia, ile taasisi rasmi ya sanaa, ama wanafunzi wao. Hao wazee walikuwa wamepanga picha kwa ngazi. Juu kabisa walikaa picha za historia, za Biblia na za miungu ya Wagiriki na Warumi, chini yake sura za watu wakubwa, halafu maisha ya kawaida, halafu mandhari, na huko chini kabisa ndio matunda na sufuria mezani. Kwa hivyo msee akichora baa, ama treni inatoa moshi stesheni, tayari amekaa ngazi ya chini kabla hata mtu hajaangalia kama anajua kushika brashi.

Lakini dharau peke yake haiui mtu. Shida ilikuwa soko. Renoir, mwaka wa 1881 alipokuwa ashajulikana tayari, alimwandikia Durand-Ruel, mfanyabiashara aliyekuwa ananunua picha zake, akamwambia Paris nzima hakuna hata watu 15 wanaoweza kupenda mchoraji bila Salon kumkubali, na kuna wengine 80,000 ambao hawawezi kununua chochote kwake kama hayuko Salon. Na ukikataliwa picha yako ilikuwa inagongwa mhuri wa R huko nyuma, yaani hata ukipata mteja baadaye akigeuza tu anaona, huyu alifukuzwa. Hebu fikiria gari lako limegongwa mhuri hivyo halafu ulipeleke sokoni.

Mwaka wa 1863 waamuzi walikataa zaidi ya nusu ya kazi zote zilizoletwa, kelele ikawa kubwa mpaka ikamfikia Napoleon III mwenyewe, akasema sawa, hizo zilizokataliwa ziwekwe kando zionyeshwe pia, watu waje waamue. Watu wakaja, wengi wakaja kucheka. Hapo ndipo Manet alionyesha ile picha yake ya mwanamke uchi amekaa kwa nyasi na wanaume wawili wamevaa suti zao, chakula kimemwagika pembeni, na yeye anakuangalia wewe mtazamaji bila aibu. Miungu ya kike ya Salon ilikuwa inakaa uchi kila mwaka na hakuna mtu alilalamika, ila huyu alikaa kama mtu wa Paris anayejulikana, hapo ndipo palikuwa na noma. Kuna wachoraji waliogopa wakaenda wakachukua kazi zao, wakaona kheri kunyamaza wasije wakakasirisha waamuzi wa mwaka ujao. Hao wako pia hapa Kisumu na wewe unawajua.

Sasa shika hii, kwa maoni yangu 1863 haikuwa ushindi mkubwa vile watu husema. Ukuta ulikuwa wa serikali, na mwenye ukuta ndiye mwenye neno. Mabadiliko yenyewe yalikuja 1874. Kina Monet, Renoir, Degas, Pissarro na Berthe Morisot walisajili kampuni ya ushirika mwisho wa 1873, kila memba analipa faranga 60 kwa mwaka, na hawakuita waamuzi wowote. Wakachukua studio ya zamani ya mpiga picha mmoja, Nadar, pale Boulevard des Capucines. Wakafungua tarehe 15 Aprili, wiki mbili hivi kabla ya Salon, kusudi wasionekane kama mabaki yake. Kiingilio faranga moja. Na kitu napenda sana hapo, walikuwa wanafungua tena usiku kuanzia saa mbili hadi saa nne, mtu ametoka kazini akapita. Wachoraji 30, kazi kama 165.

Watu waliokuja mwezi mzima ni kama 3,500, wakati Salon ilikuwa inapokea mamia ya maelfu. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, akachukua jina la picha ya Monet ya jua likichomoza bandarini akalifanya kichekesho, na hicho kichekesho, Impressionists, ndicho kikawa jina la kundi mpaka leo. Mauzo yakawa mabaya. Mwisho wa mwaka wakapiga hesabu wakakuta kila memba anadaiwa faranga 184 na nusu, chama kikavunjwa. Ndio, kilivunjwa mwaka wake wa kwanza! Lakini maonyesho hayakuisha, waliendelea kuyapanga hadi 1886, yakafika manane, na Pissarro peke yake ndiye hakukosa hata moja.

Kugombana sasa. Degas alileta sheria kwamba mtu akipeleka kazi Salon basi asionyeshe na sisi. Inasikika ni msimamo, lakini angalia nani anasema. Degas alizaliwa kwa familia ya benki. Renoir baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye mwenyewe kama kijana alianza kwa kuchora maua kwenye vikombe vya kauri kiwandani, kazi ya mkono kama yako ya matatu, kwa hivyo njaa aliijua kwa jina. Akarudi Salon, mwaka wa 1879 picha yake ya mama mmoja tajiri na watoto wake ikampa wateja kweli kweli. Monet naye akarudi 1880. Degas alikasirika sana. Mimi niko upande wa Renoir hapo, na nyinyi sita mtakapokaa kuandika katiba hicho ndicho kifungu cha kuangalia mara mbili, msiandike ati memba akionekana kwa maonyesho ya wale wazee anafukuzwa. Kodi ya nyumba haingojei msimamo.

India nayo imekaa karibu na wewe zaidi. Mwaka wa 1947, mwaka wa uhuru wao, vijana sita wa Bombay walianzisha Progressive Artists' Group. Souza, Raza, Ara, Husain, Gade, na Bakre ambaye alikuwa mchonga sanamu. Walikuwa wamechoshwa na pande mbili, upande mmoja mafunzo ya kizungu ya shule ya sanaa ya J. J. ambayo Waingereza walianzisha 1857, upande wa pili zile picha laini laini za kizamani za India ambazo wazalendo walizipenda. Souza alikuwa amefukuzwa hiyo shule 1945 kwa mambo ya siasa za kupinga Waingereza. Ara aliwahi kuwa mtumishi wa nyumba na kuosha magari. Na Husain, ndugu yangu wa Kondele, Husain alikuwa anachora mabango ya sinema! Mabango makubwa ya mtaani, nyuso za waigizaji, kazi ya kulipwa kwa ukubwa wa ukuta, na ukiangalia picha zake za baadaye ule mstari wake mpana wa haraka, wa mtu aliyezoea kuchora kitu kitakachoonwa kutoka ng'ambo ya barabara, haukumtoka kamwe. Kwa hivyo mzee akikwambia ni kazi ya gereji usianze kuficha vile mkono wako umezoea.

Hawa nao hawakukaa. Souza akaenda London 1949, Raza Ufaransa 1950, na kufikia 1956 kundi lilikuwa limekwisha. Miaka tisa tu na leo huwezi kuongea juu ya uchoraji wa India bila kuwataja. Kwa hivyo msiumie kichwa mkitaka chama cha kudumu mpaka wajukuu.

Kwa vitendo basi. Mko sita, fungueni kitabu cha pesa kabla ya kufungua grupu ya WhatsApp, nani ameweka ngapi, nani amenunua misumari na fremu, na muamue mapema hasara ikija inagawanywa vipi kwa sababu itakuja. Ukumbi wa bei msikodishe. Kama yule mzee amewaita wa gereji, ongeeni na mwenye gereji awape Jumapili, osheni ile sakafu ya oili, pangeni kanvasi kwa kuta na gari moja lililochorwa liwe katikati, na muwashe taa jioni wale wa kutoka Kibuye na makanga wapite. Bei ziandikwe. Watu wetu wakikosa bei hawaulizi, wanadhani ni ya wazungu.

Bila mchujo si itakuwa takataka?

*Kwa mwandishi. Mimi ni mwanakamati wa muda mrefu katika chama cha wasanii, sio hapo Kisumu, niko Kakamega. Nyinyi waandishi mnapenda kutuita wahafidhina. Ukuta ni mmoja na kazi zinaletwa nyingi, zingine rangi haijakauka, zingine zimenakiliwa kutoka kwa simu. Tukiondoa waamuzi si kila takataka itatundikwa? – Mzee wa kamati*

Mzee wangu, heshima yako. Una haki, na hata hao waasi wenyewe walikuja kuliona. Paris mwaka wa 1884 kina Seurat na Signac walianzisha chama cha Indépendants na sheria ikawa fupi, hakuna waamuzi wala zawadi, lipa ada utundike. Na kweli kazi mbaya zikajaa. Lakini humohumo, kuanzia 1886, ndimo alipata ukuta Henri Rousseau, mfanyakazi wa ushuru wa mji ambaye hakusomea sanaa popote, watu walikuwa wanakwenda kusimama mbele ya picha zake wacheke tu. Leo makumbusho makubwa duniani yanashindana kuwa na moja. Hakuna kamati ya mwaka ule ingempitisha, hata yako mzee, hata mimi ningekuwemo ningepiga kura ya hapana.

Upande wa pili kuna Berlin, na hii nakuomba uisome polepole. Mwaka wa 1898 waamuzi wa maonyesho makubwa ya pale walikataa picha ya Walter Leistikow, picha ya ziwa imagine, ziwa na misonobari jioni, kitu ambacho leo ungeweka kwa kalenda bila mtu kushtuka. Hasira ya hiyo ndiyo ilisukuma kuanzishwa kwa Secession ya Berlin, yaani chama cha waliojitenga, mwenyekiti Max Liebermann. Miaka kumi na miwili baadaye, 1910, hiyo Secession yenyewe ikawakataa vijana 27 kwa mkupuo, Emil Nolde akiwemo, na wao wakaenda wakaanzisha Secession Mpya. Yaani waasi walikaa kwa kiti miaka kumi na kidogo tu tayari wakawa ndio wale wazee. Hawakuwa watu wabaya, Liebermann alikuwa mchoraji hodari. Ni kiti.

Kwa hivyo sisemi mfute mchujo. Nasema kamati ibadilishwe, mtu akikaa miaka miwili atoke apumzike miwili, na ukuta mmoja mdogo uwe wa bure kwa yeyote aliyelipa ada, muuite vile mtapenda. Ile ya kunakili kutoka kwa simu nakuunga mkono mia kwa mia, hiyo hata ukuta wa bure isipewe. Lakini mtu akikataliwa aambiwe sababu kwa faragha na kwa maandishi. Haya maneno ya kuambiana mbele ya watu ndiyo yanazaa vyama vipya kila mwaka.

Na kama mna ukumbi unakaa tupu miezi mingine, waazimeni hata wale mnaogombana nao. Urusi, mwaka wa 1863, wanafunzi 14 wa Akademia ya St. Petersburg, wale bora waliokuwa wanashindania medali ya dhahabu, waliambiwa wote wachore mada moja, karamu ya miungu ya kaskazini huko Valhalla. Wakaomba kila mtu achague yake, wakakataliwa, wakatoka wakaacha medali mezani. Kiongozi wao alikuwa Ivan Kramskoi. Walianza kwa kuishi na kufanya kazi pamoja kwa ushirika, na mwaka wa 1870 kikaundwa chama cha maonyesho ya kuzunguka, picha zinapakiwa zinatembea mji hadi mji, Moscow, Kiev, Kharkov, kwa watu ambao hawajawahi kuona mchoro wa mafuta ana kwa ana. Maonyesho yao ya kwanza 1871 yalifanyika wapi? Ndani ya kumbi za ileile Akademia! Na miaka ya 1890 Akademia ilipofanyiwa marekebisho ikawaita kina Repin na Shishkin waje wawe maprofesa. Huo mfano wa kuzunguka mimi nauona hapa kwetu kila nikipanda matatu, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, mabango yamefungwa kwa kamba juu ya keria, ukumbi wa kanisa wikendi moja moja. Mzee, wewe na watu wako mna gari na mnajulikana na makasisi, vijana hawana.

Huu ugomvi ni wa wazungu

*Mimi ni mwanafunzi Maseno. Nimechoka kusikia Paris Paris. Sisi hatukuwa na akademia ya kifalme, mbona tujifanye tunaasi kitu ambacho hakikuwepo? – Mwanafunzi*

Swali safi. Akademia ya kifalme hatukuwa nayo kweli, lakini tulikuwa na shule, na mahali pana shule pana mtu anaamua sanaa ni nini. Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji 1937, hapo mwanzo barazani kwake nyumbani. Na huyo mama hakuwa mtu wa sanamu za plasta za Ugiriki, yeye alikuwa anasimulia kisa, soko, mavuno, mvua, halafu wanafunzi wanachora walichokiona kichwani. Mrithi wake Cecil Todd aliyekuja mwisho wa miaka ya 50 ndiye alivuta shule upande mwingine, historia ya sanaa ya Ulaya na mitindo ya kisasa ya huko. Watu bado wanabishana nani kati yao aliwafunga wanafunzi zaidi, yule aliyetaka wabaki Waafrika kwa kipimo chake mwenyewe ama huyu aliyetaka wawe wa dunia nzima kwa kipimo cha Ulaya. Mimi naona wote wawili walikuwa wameshika rula.

Aliyetoka hapo akaenda njia yake ni Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro. Ukifika Murang'a ingia kanisa la Mtakatifu Yakobo uone michoro yake ya 1959, maisha ya Yesu lakini milima ni ya pale na watu ni wa pale. Mwaka wa 1965 yeye na wenzake wakafungua Paa ya Paa Nairobi, mahali pa wachoraji, washairi na watu wa maigizo, na kauli yake maarufu ni kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Moto uliunguza mahali hapo 1997, hasara kubwa sana, wakaanza tena.

Na kama unataka uasi wa shuleni kabisa angalia Zaria, Nigeria. Mwaka wa 1958 wanafunzi wa chuo pale, Uche Okeke, Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya na wenzao, waliunda Zaria Art Society wakiwa bado darasani. Walimu wengi walikuwa Waingereza. Mchana walifanya walichopewa, wakifaulu mitihani yao vizuri tu, halafu jioni wanakutana kusomeana hadithi za kwao na kubishana. Okeke alirudi nyumbani akajifunza kutoka kwa mamake mistari ya uli, ile ambayo wanawake wa Kiigbo huchora mwilini na ukutani, mstari mwembamba unazunguka halafu unaacha nafasi kubwa tupu, akaipeleka kwa karatasi na wino. Wazo lao lilikuwa chukua cha nje kinachofaa, chukua cha kwenu kinachofaa, changanya kwa akili yako. Walipohitimu 1961 chama kikaisha, wakatawanyika kwenda kufundisha, na huko ndiko wazo lilizaa.

Halafu usidhani akademia ni mzungu tu. Khartoum kulikuwa na kizazi cha kina Ibrahim el-Salahi waliochanganya hati za Kiarabu na alama za Kiafrika, kazi nzuri sana, mpaka nayo ikawa ndiyo njia rasmi. Mwaka wa 1976 Kamala Ibrahim Ishaq, aliyekuwa ndani ya kizazi hichohicho na akafundisha hapo chuoni, akatoa ilani na wanafunzi wake wakijiita watu wa Kristali, wakipinga kubanwa na hilo swali la urithi kila siku. Sasa wewe uko Maseno. Angalia nani alikuwa kwa kamati ya maonyesho yenu ya mwisho halafu uniambie kama hakuna kitu cha kuasi.

Binti yangu hataki tena masomo ya kuchora

*Mwandishi salamu kutoka Nakuru. Binti yangu anapenda sana kuchora lakini mwalimu wake anawachoresha chungu, chupa na kitambaa wiki baada ya wiki, na yeye amesoma mahali kuhusu hawa waasi, sasa anasema shule inaua sanaa anataka kuacha. Babake anasema aache tu maana hata hivyo hao wachoraji wote ni wanaume. Nimwambie nini? – Mama wa Section 58*

Mama, mwambie babake kwanza, kwa upole. Ni kweli milango ilikuwa imefungwa. London Royal Academy ilipoanzishwa 1768 kulikuwa na wanawake wawili kati ya waanzilishi, Angelica Kauffman na Mary Moser, halafu baada yao hawakuchagua mwanamke mwingine kuwa memba kamili mpaka Laura Knight mwaka wa 1936. Hesabu mwenyewe. Paris shule kuu ya sanaa haikupokea wasichana hadi 1897, na hiyo haikuja kama zawadi, kulikuwa na chama cha wanawake wachoraji na wachonga sanamu kilichoanzishwa 1881 na mchonga sanamu Hélène Bertaux kikapigania miaka na miaka. Kwa hivyo ukiuliza mbona majina ni ya wanaume, ni kwa sababu kuchora mtu kutoka kwa modeli aliye hai kulikuwa ndio msingi wa masomo yote na wasichana walizuiwa kuingia chumba hicho, halafu wakaambiwa hawawezi kuchora miili. Berthe Morisot niliyemtaja juu alionyesha kwa maonyesho saba kati ya yale manane, moja alikosa baada ya kujifungua mtoto.

Sasa binti. Kitu ambacho hizi hadithi za uasi huficha ni kwamba karibu wote walikuwa wanafunzi wazuri. Monet, Renoir, Sisley na Bazille walijuana darasani kwa mzee Gleyre. Degas alisomea shule kuu na akakaa miaka akinakili picha za kale pale Louvre. Wale Warusi 14 walikuwa ndio bora wa chuo, wa Zaria walifaulu mitihani. Wanafunzi wa akademia walianza kwa kunakili michoro ya kuchapwa, wakafuata sanamu za plasta, pua, sikio, mkono, mwaka mzima kivuli tu, ndipo wakaruhusiwa kuchora mtu. Inachosha, sikatai. Lakini chungu na chupa na kitambaa si adhabu. Chungu kinamfundisha duara ikiinama inakuwaje, chupa inafundisha mwanga unapita wapi na unakwama wapi, kitambaa ndicho kigumu kuliko vyote na kitamsaidia siku akitaka kuchora kanga mwilini mwa mtu anayetembea.

Ambacho ningemwuliza mwalimu ni kama vitu vinaweza kubadilishwa. Badala ya chupa ileile wiki zote alete gambuti yenye matope, jerikeni ya njano, sufuria iliyokaa jikoni mpaka ikawa nyeusi upande mmoja. Somo ni lilelile na mtoto anachora vitu vyake. Mwalimu akikataa asigombane naye, amalize kazi ya darasa, halafu umnunulie daftari la pili lisilo na mistari, la kukaa kwa mfuko, mwalimu asilione na wewe usilikague, na Jumamosi ukienda sokoni enda naye umwache akae kando ya mama wa viazi saa moja achore mikono tu, inavyopima na kurudisha chenji. Penseli ya 2B inatosha, hizo seti za rangi za bei anazokuonyesha kwa simu zinaweza kungoja.